Orodha ya Vitabu Aliyomwandikia Ndugu Yake

Katika misioni zetu nyingi kuna kabati la vitabu, na karibu na kabati kuna daftari. Mwalimu akija kuazima kitabu, jina lake linaandikwa, na jina la kitabu, na siku. Akikirudisha, mstari unapigwa. Tunalijua daftari hilo, tena tunajua majina yasiyopigwa mstari: kitabu kilikwenda kijiji fulani, toka huko kikaenda kwa shemeji, toka kwa shemeji kikachukuliwa na karani mmoja aliyehamishwa, na sasa hakuna ajuaye kiliko. Hatutaki kumlaumu mtu. Sisi wenyewe tunavyo vitabu viwili ambavyo tunaona haya kuvirudisha, kwa jinsi siku zilivyopita.

Daftari la namna hiyo ni la kale sana katika Kanisa. Mtakatifu Benedikto aliagiza katika Kanuni yake kwamba mwanzo wa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu, akisome chote tangu mwanzo mpaka mwisho bila kurukaruka. Zaidi ya miaka 500 baadaye, Lanfranc, Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza, aliwawekea watawa wake utaratibu mkali zaidi. Vitabu vyote vinatandazwa juu ya zulia. Mtunza vitabu anasoma majina: fulani mwaka jana alipewa kitabu hiki, fulani kile. Kila mmoja akisikia jina lake anakirudisha. Na yule asiyekimaliza anajitupa chini mbele ya wenzake, anaungama kosa lake na kuomba msamaha. (Wengine wetu tungelala chini mwaka mzima.)

Lakini daftari la mwenye kabati linatuambia jambo moja tu: kitabu kiko kwa nani. Ndani ya kitabu mna nini, halisemi. Leo tunataka kueleza habari za daftari la namna nyingine, lile la msomaji mwenyewe. Mtu anasoma kitabu, anakifunga, anaandika: nimesoma hiki, mwandishi ni fulani, anasema hivi na hivi, mimi namwona mwema au namwona mwongo. Kisha anampa mwenzake maandiko yale. Ni kazi ndogo, yaonekana kama kazi ya mwanafunzi. Hata hivyo sehemu moja ya historia ya Afrika yetu imetufikia kwa njia hiyo tu. Isingalikuwa hiyo, ingalipotea kabisa.

Miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, katika mji wa Konstantinopoli, ambao leo ni Istanbul, alikuwako mtu aitwaye Photius. Wakati ule hakuwa padri. Alikuwa mtu wa serikali, naye akapanda hata akawa mkuu wa makarani wa Kaisari. Wazazi wake walikuwa wameteswa kwa sababu ya kuheshimu picha takatifu, maana siku zile walikuwako makaisari waliozikataza. Photius alipenda kusoma kupita kiasi. Marafiki na wanafunzi walikutana nyumbani mwake, wakasoma, wakaulizana, wakabishana.

Ndugu yake Tarasius hakuweza kuwapo kila mara. Basi ikawa Photius amechaguliwa kwenda katika ujumbe wa Kaisari kwa Waarabu, ambao yeye anawaita Waashuri, kwa kuwa waandishi wa Kigiriki walipenda majina ya kale hata yakiwa hayafai tena. Mwaka wa safari hiyo wataalamu wanaubishania: wengine husema 838, wengine 845, wengine 855. Njia ilikuwa ndefu na ya hatari. Hapo Tarasius akamwomba nduguye amwandikie kwa kifupi mambo ya vitabu vile vilivyosomwa yeye asipokuwapo, apate faraja wakati wa kutengana. Photius akatafuta karani, akaanza kukumbuka, akaandika.

Watu wa baadaye wamekiita kitabu hicho Maktaba. Jina alilolitoa mwenyewe ni refu, nalo kwa maneno machache husema kwamba ni orodha ya vitabu tulivyovisoma, ambavyo ndugu yetu mpenzi Tarasius ametaka ajue habari zake. Naye anasema sisi, kama tunavyosema hapa. Yeye anahesabu vitabu 279. Chapa za leo zina sura 280. Hakuvipanga kwa miaka wala kwa aina. Anaviweka kama vilivyomjia kichwani: hapa mahubiri ya Askofu, pale habari za vita, hapa dawa, pale hadithi za mapenzi, kisha anarudi kwa Mababa wa Kanisa.

Karibu kila sura inaanza kwa neno moja la Kigiriki ambalo maana yake ni kwamba kimesomwa. Halafu jina la mwandishi, idadi ya mafungu ya kitabu, maneno yaliyomo, na mara nyingi hukumu yake juu ya lugha: huyu anaandika wazi, huyu anachosha, huyu anapamba mno. Sura nyingine ni mistari michache. Nyingine ni ndefu kama kitabu kizima, maana hapo amenakili kurasa na kurasa.

Tena ni mtu wa haki katika hesabu zake. Alipoeleza juu ya Theopompus, mwandishi wa historia wa Kigiriki, alisema kwamba amesoma mafungu 53, ndiyo yaliyobaki. Watu wa kale walikuwa wameandika kwamba fungu la 6, la 7, la 29 na la 30 yamepotea, na Photius hakuyaona. Mmoja wao akaongeza kwamba la 12 pia limepotea. Photius anajibu kwamba la 12 yeye amelisoma, na papo hapo anaeleza yaliyomo. Leo yale 53 yote yamepotea. Kilichobaki juu ya fungu lile la 12 ni hasa maneno ya mtu huyu aliyetaka kumsahihisha mwenzake.

Sasa tufike katika Afrika.

Sura ya tatu katika orodha yake ni ya kitabu cha mtu aitwaye Nonnosus. Nonnosus alikuwa mjumbe wa Kaisari Justinian, karibu na mwaka 530. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo: babu yake alitumwa kwa wakuu wa Waarabu, baba yake Abrames vilevile, na yeye mwenyewe akatumwa mbali kuliko wote, kwa Waarabu na kwa mfalme wa Aksum katika Uhabeshi. Mfalme huyo ni Kaleb, ambaye Wagiriki walimwita Elesbaas au Elesbaan. Ndiye aliyevuka bahari mwaka 525 akaenda Yemen kupigana na mfalme aliyewaua Wakristu wa Najran. Jina lake limo katika Martirolojia ya Roma. Basi, si mfalme mdogo.

Nonnosus alirudi salama, ingawa njiani alikutana na watu wenye hila, wanyama wakali na mabonde magumu, akaandika kitabu cha safari yake. Kitabu hicho hakiko tena. Hakuna maktaba yoyote, wala ya Roma, wala ya Paris, wala ya monasteri za Mashariki, iliyo na nakala yake. Tunachojua juu yake kinatoka katika ukurasa mmoja au miwili ambayo Photius alimwandikia Tarasius.

Na ukurasa huo una nini? Unasema Aksum ni mji mkubwa sana, nao ni kama kichwa cha Uhabeshi wote. Unasema toka Adulis, bandari iliyokuwa pwani ya nchi ya Eritrea ya leo, mpaka Aksum ni mwendo wa siku 15. Katikati ya njia pana mahali paitwapo Aue. Hapo Nonnosus na wenzake waliona jambo la ajabu: tembo wengi mno, karibu 5,000, wakila majani katika uwanda mpana. Wenyeji hawakuweza kuwakaribia kwa urahisi wala kuwafukuza katika malisho yao. Sisi hatujui kama kuna mtu aliyewahesabu kweli. Mtu akiona tembo 500 pamoja, huenda macho yake yakaona 5,000. Lakini bandari ya Adulis ilijulikana duniani kwa pembe, na sasa tunajua zilikotoka.

Linalotupendeza zaidi ni habari ya mvua. Nonnosus aliona kwamba pale Aue nchi inagawanyika. Miezi ambayo huko Konstantinopoli ni ya joto, toka pwani mpaka Aue ni kiangazi, hakuna mvua. Lakini toka Aue kupanda mpaka Aksum, miezi ileile ni masika makubwa. Tena mvua ya huko juu hainyeshi mchana kutwa. Asubuhi ni njema. Ikifika adhuhuri mawingu yanakusanyika, mbingu inafunikwa, na mvua inamwagika kwa nguvu. Wakati huohuo, asema, mto Nile unafurika katika Misri. Miezi sita ikipita, mambo yanageuka: mvua iko pwani, na huko juu ni kiangazi, watu wanavuna.

Mtu wa Katanga aliyekwisha kuona mvua ya alasiri mwezi wa Januari hatauliza kama Nonnosus alikuwako au alisimuliwa. Alikuwako. Na mambo ndivyo yalivyo hata leo: milima ya Uhabeshi hupata mvua kubwa tangu Juni mpaka Septemba, na pwani ya Eritrea hupata yake katika miezi ya baridi ya kaskazini. Wagiriki walibishana karne nyingi juu ya sababu ya Nile kufurika, wengine wakitoa maneno ya kuchekesha. Mjumbe huyu alipita njiani na mizigo yake, akalowa, akaandika.

Mwisho anaeleza kwamba, akisafiri kwa chombo toka visiwa vya Farsan, alifika kisiwa cha mwisho, akaona watu wafupi, weusi, wenye nywele mwili mzima, waume kwa wake na watoto, wamevaa kipande kidogo cha ngozi tu. Lugha yao hakuna aliyeijua, hata majirani. Walikula samaki na wanyama wa makombe waliotupwa na bahari. Hawakuwa wakali. Waliwaogopa wageni, asema, kama sisi tunavyowaogopa wanyama wakubwa. Watu hao ni nani, hatuwezi kusema. Lakini tunaona vema kwamba mjumbe wa Kaisari alikubali mbele ya wasomaji wake kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa mnyama wa kutisha.

Mwenye kusoma haya anafurahi, kisha anakasirika kidogo. Nonnosus alisimama mbele ya mfalme Kaleb. Alisema naye nini? Aliona kanisa gani, ibada gani, nyumba gani za mawe? Waliketije, walikulaje, nani alikuwa mkalimani? Tunaamini mambo kama hayo yalikuwamo katika kitabu. Photius aliyaacha. Yeye alipenda tembo, mvua, na tena majina ya viatu na vilemba, maana anaeleza pia kwamba viatu fulani vya kale sasa vinaitwa sandali. Hakufikiri kwamba siku moja watu wa Afrika wataukodolea macho ukurasa wake kutafuta mfalme wao. Alimfikiria Tarasius.

Mbele zaidi, katika sura ya 250, kuna mwandishi mwingine, Agatharchides wa Knido, aliyeishi katika karne ya pili kabla ya Kristu, akaandika juu ya Bahari ya Shamu na watu wa kando yake. Hapo Photius hakufupisha sana. Alinakili kurasa nyingi. Wasomaji wetu wa nchi ya migodi wangesoma kwa makini habari ya machimbo ya dhahabu kusini ya Misri. Wachimbaji ni wafungwa wa vita na watu waliohukumiwa, wamefungwa minyororo. Mwamba mgumu unalegezwa kwa moto. Wenye nguvu wanaukata ndani ya giza, taa zimefungwa katika paji la uso. Watoto wanaingia katika mashimo kuokota mawe na kuyatoa nje. Wengine wanayaponda, wanawake wanasaga kama wanavyosaga nafaka, na unga wa mawe unaoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama mpaka dhahabu ibaki peke yake. Hakuna anayehurumiwa kwa ugonjwa wala kwa uzee. Anasema pia kwamba katika machimbo yale waliokota patasi za shaba zilizoachwa na wachimbaji wa zamani, wa siku ambazo chuma kilikuwa hakijatumika bado. Sehemu hiyo mwandishi mwingine, Diodorus, aliinakili pia, basi tunaweza kulinganisha mashahidi wawili. Juu ya Nonnosus shahidi ni mmoja tu.

Na hapa kuna jambo la kustaajabisha. Mfanyabiashara mmoja Mkristu, ambaye baadaye aliitwa Cosmas Indicopleustes, alifika Adulis naye, na katika siku za Kaisari Justinian akaandika kitabu kikubwa kuonyesha kwamba dunia ni bapa na mbingu imeifunika kama kifuniko cha sanduku. Photius alikisoma, nacho kimo katika orodha yake, sura ya 36. Hakumsifu. Alisema mtu huyo aaminiwe kama msimulizi wa hadithi kuliko kama msema kweli. Basi kitabu cha Cosmas kipo mpaka leo, kizima, tena pamoja na picha zake. Cha Nonnosus kimepotea. Wakati hauchagui vitabu kwa wema wao.

Photius naye alipata masaibu yake, na sehemu moja ya masaibu hayo inahusu vitabu. Mwaka 858 serikali ilitaka awe Patriarka. Kwa siku sita alipewa daraja zote, akawekwa wakfu siku ya Noeli. Papa Nikolai wa Kwanza alikataa, ugomvi ukawa mkubwa, na yaliyotokea ni ya huzuni kwa pande zote mbili. Mwaka 867 Kaisari mpya, Basil, akamwondoa. Kutoka kifungoni Photius alimwandikia Kaisari barua. Analalamika kwamba ametengwa na jamaa na rafiki, lakini neno ambalo linamchoma hasa ni kwamba wamemnyang'anya vitabu. Tunakumbuka jinsi Mtakatifu Paulo, katika kifungo, alivyomwagiza Timoteo amletee joho na vitabu. Baadaye Photius alisamehewa, akafundisha wana wa Kaisari, akarudishwa katika kiti chake mwaka 877, na wajumbe wa Papa Yohane wa Nane walimkubali katika mtaguso wa 879 na 880. Kwa muda mrefu wengi katika Magharibi walifikiri kwamba alikufa akiwa ametengwa na Roma. Padri Francis Dvornik, Mcheki, alichunguza maandiko upya, na mwaka 1948 akaonyesha kwamba sivyo.

Orodha yenyewe ilisafiri kwa mikono mingi. Wanakili waliiandika tena na tena. Mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Konstantinopoli. Mgiriki mmoja aliyekuwa Kardinali wa Kanisa la Roma, Bessarion, alikusanya kwa mali yake vitabu vya Kigiriki popote alipoweza kuvipata, akihofu visife pamoja na mji. Mwaka 1468 aliutolea mji wa Venice vitabu zaidi ya 700. Miongoni mwa vitabu vyake mlikuwa na nakala mbili za kale za orodha ya Photius, nazo ziko Venice hata leo. Mwaka 1601 ikapigwa chapa kwa Kigiriki huko Augsburg, katika Ujerumani, kwa kazi ya mwalimu Mprotestanti, David Hoeschel. Mwaka 1606 ikatoka kwa Kilatini, kazi ya Padri Andreas Schott, Myezuiti aliyezaliwa Antwerpen. Mprotestanti na Myezuiti, katika miaka ile ya mapigano ya dini! Kati ya 1959 na 1977 René Henry aliitoa pamoja na tafsiri ya Kifaransa, vitabu vinane, na hivyo hata sisi tusiojua Kigiriki tunaweza kumfuata Nonnosus toka Adulis.

Mwishoni mwa kitabu Photius anamrudia ndugu yake kwa maneno machache. Anamwambia kwamba, ikiwa mauti yatamkuta katika ujumbe ule, Tarasius anacho sasa alichokiomba, kiwe ukumbusho wa upendo wao. Lakini Mungu akimrudisha salama wakaonana tena, huenda hiki kitakuwa mwanzo wa vingine. Hakufa safarini. Aliishi miaka mingi bado, akasoma vingi, akaandika barua, mahubiri, na majibu marefu juu ya maswali ya Biblia. Orodha ya pili hakuiandika.